Kiuatilifu cha Bakteria Nacho Kina Masharti Yake

Mkulima wa nyanya au kabichi anayepulizia Bt, yaani bakteria Bacillus thuringiensis, ana sababu nzuri. Kiwavi akila jani lililopuliziwa, fuwele za protini huyeyuka katika utumbo wake wenye alkali, zikautoboa, naye akafa. Tumbo la binadamu lina asidi, na utumbo wetu hauna vipokezi ambapo protini hiyo hunasa. Ndiyo maana Bt, iliyoelezwa na Ernst Berliner huko Ujerumani mwaka 1911, imetumika mashambani kwa miongo mingi, na ni nafuu kubwa kuliko sumu za kemikali zinazodhuru neva za mpuliziaji.

Hata hivyo, usalama huo ni wa fuwele, na ndani ya dawa nyingi za Bt mna pia spora hai, yaani bakteria waliolala. Bt ni ndugu wa karibu wa Bacillus cereus, bakteria anayejulikana kwa kuwaharisha watu waliokula chakula kilicholala bila kuhifadhiwa vizuri, na aina nyingi za Bt zina jeni zilezile za sumu ya utumbo. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba wagonjwa wengi wa kundi hili la bakteria walikula chakula chenye bakteria zaidi ya 100,000 kwa gramu, ingawa wengine waliugua kwa kiasi kidogo zaidi.

Watetezi wa Bt husema: mbona wagonjwa hawaonekani? Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Vipimo vya kawaida vya maabara havitofautishi Bt na Bacillus cereus, na kuharisha kwa siku moja hakumfikishi mtu hospitalini. Ugonjwa usiopimwa hauwezi kuhesabiwa. Wengine wanahofu kwamba tahadhari itamrudisha mkulima kwenye kemikali kali. Itamrudisha ikiwa tutapiga marufuku. Masharti ya busara hayatamrudisha.

Masharti yenyewe hayana gharama kubwa. Bidhaa nyingi za Bt huruhusiwa kupuliziwa hadi siku ya kuvuna. Mboga zinazoliwa mbichi zipewe siku kadhaa za kusubiri, maana jua hupunguza spora. Wasajili wa viuatilifu wadai aina zisizo na uwezo mkubwa wa kutoa sumu ya utumbo. Mpuliziaji avae miwani na barakoa. Nyumbani, mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na chakula kilichopikwa kisiachwe mezani kutwa, kwa sababu spora huhimili moto wa kawaida kisha huamka na kuzaana chakula kikipoa. Dawa itokanayo na viumbe hai inastahili kupimwa kwa ukali uleule tunaoudai kwa kemikali.