Muuza chapati na nyumba ya vyumba sita

Hadithi, hadithi! Nanyi mjibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo wa leo ni mdogo, ni mama mmoja muuza chapati wa Mbagala niliyemtunga mwenyewe, pamoja na hao aliokutana nao. Sheria, barabara na kodi mtakazozisikia ni kweli tupu.

Mama huyu alikuwa amedunduliza pesa kwa miaka mingi, nyingine kwenye kikoba, nyingine benki. Alitaka nyumba ya kupangisha, ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na uani kuna jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Dar es Salaam imejaa nyumba hizi. Tangu zamani mwenye nyumba hulala humo humo na vyumba vinavyobaki akavipangisha. Ndiyo maana wapangaji humwita mama mwenye nyumba, na humnunia kama mama yao kweli.

Dalali akaanza kumpeleka Kimara. Nyumba safi, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, bei imeporomoka.

"Mama, hii ukichelewa hadi jioni huikuti."

"Mbona rahisi hivyo?"

Dalali akaanza kusifia bati. Mama akazunguka nyuma, akaona ukutani, chini ya rangi mpya, alama ya X nyekundu inachungulia. Waulizeni wakubwa wenu maana ya alama hiyo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa ili barabara ipanuliwe, na serikali ikasema zimejengwa ndani ya hifadhi ya barabara, hivyo hakuna fidia. Mama akaaga akapanda daladala.

Ya pili ilikuwa Tandika, na hapa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wazima wenye akili zao huliwa pesa. Kijana mmoja mtanashati alikuwa na funguo zote mkononi. Akasema nyumba ni ya marehemu baba yake, yeye ndiye mkubwa, na bei inazungumzika. Mama akamwambia atarudi kesho. Kesho yake akaenda mapema, bila dalali, akaketi barazani kwa bibi wa nyumba ya jirani. Wakaongea bei ya unga, wakaongea mvua, mwishowe bibi akasema: "Hao wamezaliwa saba, mwanangu. Na mama yao bado yu hai, yuko kwao Kilwa."

Kijana alipofika, mama akamuuliza swali moja: "Msimamizi wa mirathi ni nani?"

Kijana akacheka. Mambo ya mahakamani, akasema, ni ya matajiri.

Si ya matajiri. Mtu akifariki, nyumba yake haiwi ya mtoto mkubwa wala ya mwenye funguo. Mahakama humteua msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye mwenye uwezo wa kuuza kwa niaba ya warithi. Ukinunua kwa mwingine, ndugu sita wanaweza kukufuata mahakamani, kesi ikachukua miaka, na wapangaji wakakosa kujua pango wampe nani. Hata mwenye nyumba akiwa hai na ana mume au mke, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Mimi ningewashauri mzungumze na majirani kabla ya kuzungumza na muuzaji. Majirani hawapati chochote kwenye biashara hiyo, kwa hiyo hawana sababu ya kukuficha.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Uswahilini ambako viwanja havijapimwa utakuta leseni ya makazi, ambayo muda wake ni mfupi, au utakuta karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa tu. Mhuri huo unathibitisha kwamba mliuziana mbele ya mashahidi, lakini haugeuki kuwa hati. Penye hati, mtu huenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, aone jina lililoandikwa humo na kama nyumba haijawekwa rehani benki. Na bikoni za kiwanja azitafute kwa macho yake, hata kama ni kufukua majani.

Basi akapata ya tatu, Mbagala kwake, ina hati na mwenyewe yu hai na mkewe kaketi pembeni. Bei shilingi milioni 45. Mama hakusema ghali wala rahisi. Akaomba kalamu.

Vyumba viwili angekaa yeye, vinne angepangisha kwa 60,000 kila kimoja. Hiyo ni 240,000 kwa mwezi, 2,880,000 kwa mwaka. Akatoa 120,000, kwa kuwa chumba hakikosi kukaa kitupu mpangaji mmoja akihama na mwingine hajaja. Akatoa 400,000 za bati, bomba na shimo la choo. Akatoa asilimia 10 ya pango, ambayo ni kodi ya TRA. Kodi ya jengo hakuihesabu, kwani tangu 2021 hukatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ikabaki 2,072,000. Kwa pango hilo, milioni 45 zingerudi baada ya karibu miaka 22.

Hapo mwenye haraka angekata tamaa, na angekuwa na hoja. Hatifungani za serikali za muda mrefu zimelipa kwa miaka mingi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, bila kugongewa mlango na mpangaji. Nyumba hii ilikuwa haifiki hata asilimia 5. Ila mama naye alikuwa amepanga, analipa 100,000 kila mwezi kwa mtu mwingine. Akihamia kwake, hiyo inabaki mfukoni. Na chumba cha mbele kinaweza kuwa frem, auzie chapati humo. Kwa maoni yangu, anayeanza bila mtaji mkubwa asinunue nyumba ambayo yeye mwenyewe hawezi kulala humo.

Akamsukumia muuzaji ile karatasi. "Baba, kwa hesabu hii nyumba yako ni milioni 36."

Mzee akaisoma mara mbili, akamtazama mkewe. Wakakubaliana 38. Mkataba ukaandikwa na wakili, mke akatia saini, pesa zikapita benki. Milioni 2 za akiba yake iliyobaki mama akaziweka kando, hazigusi.

Wapangaji wakaja na kodi ya miezi mitatu mitatu, ingawa dalali alimshauri adai sita. Kila mmoja akapewa mkataba wa maandishi, unaosema notisi ni ya muda gani na umeme unachangiwa vipi.

Siku ya nne, saa mbili usiku, hodi. Mpangaji wa chumba cha mwisho amesimama na ndoo.

"Mama mwenye nyumba, shimo limejaa."

Mama akachukua simu, akaanza kuvutana bei na mwenye gari la kunyonya.