Taka za hospitali: sumu inayopanda na moshi

Nyuma ya hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki, mbali kidogo na wodi, husimama kijumba cha matofali chenye bomba la moshi. Hicho ndicho kichomea taka. Hupelekwa huko mabomba ya sindano yaliyotumika, bandeji zenye damu, mifuko ya dripu na glavu, na mara nyingi pia maboksi na mabaki ya chakula ambayo hayakuwa na haja ya kufika huko. Moto huwashwa, na baada ya saa chache kinachosalia ni jivu. Kwa macho ya wengi, kazi imekwisha. Kwa wataalamu wa mazingira, hapo ndipo sehemu ya pili ya tatizo inapoanza.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, takriban asilimia 85 ya taka zinazotoka katika vituo vya afya hazina hatari zaidi ya taka za nyumbani. Ni karatasi, maganda ya matunda, chupa za maji, vumbi lililofagiliwa. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye viini vya maradhi, kemikali, au, kwa kiasi kidogo sana, mionzi. Lakini mzani huo huharibika mara moja pale sindano moja inapotupwa katika ndoo ya karatasi: ndoo nzima huwa taka ya hatari.

Hatari hiyo si ya kubuni. WHO ilikadiria kuwa katika mwaka 2000 pekee, sindano zilizokwisha kutumiwa kwa mgonjwa mwingine ziliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, milioni mbili homa ya ini aina ya C, na 260,000 virusi vya UKIMWI. Nyuma ya takwimu hizo kuna mfanyakazi wa usafi anayebeba mfuko mwembamba begani, na kuna mtoto anayeokota mabomba ya sindano jalalani ili achezee maji. Ndiyo maana serikali na wafadhili walipoanzisha kampeni kubwa za chanjo walitafuta njia ya haraka ya kuangamiza sindano, na njia iliyokuwa karibu ilikuwa moto. Tanuri dogo la matofali lililosanifiwa katika chuo kikuu cha De Montfort, Uingereza, lilienea katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ni rahisi kujenga, na huwashwa kwa kuni au mafuta ya taa.

Yaliyomo ndani ya moshi

Moto huua vijidudu, hilo halina ubishi. Tatizo ni plastiki. Mifuko mingi ya dripu na mirija yake hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo ndani yake mna klorini. Plastiki hiyo inapoungua, hasa katika moto usiokuwa mkali wa kutosha, na moshi wake unapopoa polepole katika bomba, huzaliwa kemikali ziitwazo dayoksini. Iliyo kali kuliko zote ilitangazwa mwaka 1997 na shirika la utafiti wa saratani la WHO kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Dayoksini huvuruga pia homoni, kinga ya mwili na ukuaji wa mtoto tumboni.

Tanuri la kisasa hupunguza sumu hii kwa kuchoma katika joto la nyuzi 850 hadi 1,100 za Selsiasi na kwa kuusafisha moshi kabla haujatoka. Kile kijumba cha matofali hakina chombo cha kusafisha moshi. Hata joto lake hutegemea uhodari wa mchomaji na ukavu wa kuni zake.

Jambo ambalo watu wengi hawalifahamu ni kwamba dayoksini haimfikii binadamu hasa kwa njia ya pua. Zaidi ya asilimia 90 huingia kwa chakula. Moshi hutua juu ya majani na udongo, ng'ombe hula majani, kuku hudonoa udongo, na sumu hujificha katika mafuta ya nyama, maziwa na mayai. Ikishaingia mwilini hukaa miaka: nusu yake tu hutoka katika muda wa miaka 7 hadi 11. Mama hurithisha sehemu yake kwa mtoto kupitia maziwa ya kifua, ingawa WHO inasisitiza kuwa faida za kunyonyesha bado ni kubwa kuliko hatari hiyo. Mwaka 2005 mtandao wa kimataifa wa IPEN ulichapisha vipimo vya mayai ya kuku wa kienyeji kutoka nchi 17. Mayai ya Dandora, jalala kuu la Nairobi, yalikuwa na dayoksini iliyopita kiwango cha Umoja wa Ulaya kwa mara kadhaa. Moshi wa Dandora hautoki katika taka za hospitali peke yake, lakini taka hizo zimekuwa zikionekana humo, na kuku hachagui.

Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutekelezwa 2004, unazitaka nchi wanachama kupunguza dayoksini, na unavitaja vichomea taka vya hospitali miongoni mwa vyanzo vyake vikuu. Marekani haijauridhia mkataba huo, lakini historia yake inafundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa na vichomea taka vya hospitali zaidi ya 6,000. Serikali ilipoweka masharti makali ya moshi mwaka 1997, hospitali zilipiga hesabu zikaona kuwa kusafisha moshi ni ghali kuliko kuacha kuchoma. Kufikia 2003 vilibaki vipatavyo 115.

Mvuke badala ya moto

Zilichokimbilia nyingi kati ya hizo ni mashine ambayo kila mkunga anaijua: otoklevu, ile inayosafisha vifaa vya upasuaji. Ni kama sufuria kubwa yenye mfuniko wa kubana. Hewa hutolewa, mvuke huingizwa kwa shinikizo, na joto hufikia nyuzi 121 au zaidi kwa muda wa nusu saa hivi. Vijidudu hufa, plastiki haiungui, na dayoksini haizaliwi. Kinachotoka kinaweza kusagwa na kutupwa kama taka za kawaida, na plastiki yake kuuzwa kwa warejelezaji. Viungo vya mwili na kondo la nyuma haviingizwi humo. Hivyo huzikwa katika shimo maalumu, au huozeshwa katika mtambo wa gesi ya samadi.

Je, nchi isiyo tajiri inaweza? Ufilipino ilipiga marufuku uchomaji wa taka za hospitali kwa sheria yake ya hewa safi ya mwaka 1999. Mwaka 2004 ilichanja watoto wapatao milioni 18 dhidi ya surua, na mabomba ya sindano takriban milioni 19.5 yakashughulikiwa bila kuwashwa moto. Mengine yalipitishwa katika mvuke, mengine yakafungiwa katika mashimo ya zege.

Tanzania nayo ilikuwa miongoni mwa nchi za mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza dayoksini na zebaki hospitalini, ambapo wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walibuni otoklevu ya bei nafuu inayoweza kutengenezwa nchini. Awamu iliyofuata ilizihusu Ghana, Madagascar, Tanzania na Zambia.

Hata hivyo ingekuwa si haki kuwalaumu wanaochoma. Otoklevu inataka umeme, maji na fundi. Zahanati ya kijijini inayopata umeme kwa saa chache, ikiwa na sanduku moja la sindano kwa mwezi, haina budi kuchagua kati ya hatari mbili, na sindano iliyoachwa wazi huambukiza leo, ilhali dayoksini huchukua miaka. Hospitali kubwa ya mjini, yenye umeme na magari, haina udhuru huo.

Wala mashine peke yake haitoshi. Kazi yenyewe huanzia kando ya kitanda, pale muuguzi anapoamua atupe nini katika ndoo ipi: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizo, nyekundu kwa zenye maambukizo makali, na sanduku gumu kwa vitu vyenye ncha. Mfanyakazi wa usafi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, anahitaji buti, glavu nene na chanjo ya homa ya ini B. Haya ni ya gharama ndogo, na ndiyo yanayosahauliwa kwanza.

Janga la UVIKO-19 lilionyesha ukubwa wa pengo. Katika ripoti yake ya Februari 2022, WHO ilisema dozi bilioni nane za chanjo zilizokuwa zimetolewa duniani zilizalisha tani 144,000 za mabomba, sindano na masanduku yake, wakati vituo vya afya vitatu kati ya kumi havikuwa na uwezo wa kushughulikia hata taka zake za kila siku. Katika nchi maskini zaidi, vilikuwa sita kati ya kumi.

Kwa Waswahili walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, suala hili lina upande mwingine. Vikundi vingi hukusanya vifaa vya hospitali na kuvipeleka nyumbani kwa kontena. Kipimajoto cha kioo kina takriban gramu moja ya zebaki, na kipimo cha zamani cha shinikizo la damu kina nyingi zaidi. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vifaa hivyo, kuviingiza na kuvitoa nchini. Kabla ya kontena kufungwa, hospitali inayopokea yafaa iulizwe mambo mawili: kama inavihitaji vifaa hivyo, na vitakapoharibika itavipeleka wapi.