TUIFAHAMU LUGHA YA DUMA NA PAKA

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.



Katika simu zetu huzunguka picha za duma aliyekalishwa ndani ya gari la fahari huko Ghuba, shingoni ana mkufu. Vijana husema, "Mashaallah, mpole kama paka!" Je, ni kweli? Ili tujibu, hatuna budi kujua wanyama hawa husema nini.

Kuzoea si kufugika

Paka wa nyumbani ameishi na watu kwa maelfu ya miaka, akazaa vizazi na vizazi majumbani mwao. Duma sivyo. Mfalme Akbar wa India, aliyetawala kuanzia mwaka 1556 hadi 1605, alikuwa na duma wengi mno wa kuwindia. Walimzoea binadamu hata wakatumwa kuwinda na kurudi. Lakini hawakuzaliana. Mwanawe, Mfalme Jahangir, aliona ni ajabu duma mmoja alipozaa kifungoni mwaka 1613. Uzazi mwingine uliojulikana ulitokea mwaka 1956, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani. Basi duma huweza kumzoea mtu, lakini tabia yake hubaki ya porini.

Sauti zao

Duma hangurumi kama simba. Mama anapowaita watoto hutoa sauti nyembamba kama ya ndege, na watoto humjibu hivyo hivyo. Akiogopa au akikasirika, huguna, hutoa sauti ya "hsss", huinamisha kichwa na kupiga chini kwa miguu ya mbele. Akitulia hukoroma kooni kama paka.

Mkoromo huo ndio unaowadanganya wengi. Paka hukoroma akifurahi, lakini pia hukoroma akiwa mgonjwa, akiwa na maumivu au akiwa na hofu. Kwa hiyo mkoromo peke yake si ushahidi wa furaha. Tutazame mwili mzima: masikio yakilala nyuma, mwili ukijikunyata, mboni zikipanuka, mnyama huyo anasema, "Niacheni." Anayemkumbatia wakati huo ili apigwe picha hakusikia alichoambiwa.

Vilevile hawa huzungumza kwa harufu. Duma dume hukojolea miti na mawe ili kuwapa wenzake habari. Akiwekwa ndani ya nyumba atakojolea viti na mapazia, na mwenye nyumba atamwona mkaidi, kumbe anafuata maumbile yake.

Anatoka wapi?

Wengi wa duma hawa hukamatwa wakiwa wachanga katika Pembe ya Afrika, yaani Ethiopia, Somalia na kaskazini ya Kenya, kisha huvushwa bahari kwa magendo. Mtoto wa duma hukaa na mama yake kama mwaka mmoja na nusu akijifunza kuwinda. Huyu hunyang'anywa akingali ananyonya, na wengi hufa njiani. Porini wamebaki takriban 7,000 tu. Umoja wa Falme za Kiarabu wenyewe ulitunga sheria mwaka 2016 kuwazuia watu binafsi kufuga wanyama hatari.

Dini inatufunza nini?

Katika Suratul An'am, aya ya 38, tunafundishwa kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Kila umma una mawasiliano yake. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tuzingatie makosa yake: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Basi anayemfungia mnyama amebeba haki zake zote. Nani miongoni mwetu anaweza kumtimizia duma haki zake ndani ya ua?

Tuanze na paka wetu

Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Tujifunze kwake. Akija mkia juu, anakusalimu. Akikusugua kwa shavu, anakupaka harufu yake kuwa wewe ni wa kwao. Akipigapiga mkia huku na huku, amechoka kushikwa, mwache. Akikutazama na kufumba macho polepole, nawe mfumbie hivyo hivyo. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kuwa paka huitikia.

Enyi wanafunzi, mkiona tena picha ya duma mwenye mkufu, msiangalie gari. Yaangalieni masikio yake, kisha mwambieni mwenzenu anachosema mnyama yule.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.