Njuga za Bampton

Si rahisi kwa mtu aliyefunga kufuata ngoma inayotoka kilabu kimoja cha pombe ikaingia kingine. Lakini ndivyo nilivyofanya Jumatatu ya tarehe 27 Mei 2019, katika kumi la mwisho la Ramadhani, nilipokuwa Bampton, mji mdogo wa Oxfordshire nchini Uingereza. Jua la huko majira hayo halina haraka ya kutua; tulifuturu saa tatu za usiku zimekwisha kupita.

Kilichonipeleka ni jina. Ngoma hiyo huitwa morris, na wajuzi wa Kiingereza wasema neno hilo limetokana na jina walilokuwa wakiitwa Waislamu wa Maghribi na Andalusi. Niliposoma hayo moyo ulinifurahi. Nikasema, kumbe hata Waingereza wacheza ngoma yetu! Makala nilikwisha kuitunga kichwani kabla sijaiona ngoma yenyewe.

Basi nikaiona. Wanaume sita, nguo nyeupe tupu, kofia zimepambwa maua, njuga zimefungwa miguuni toka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Mikononi wana vitambaa vyeupe ambavyo huvirusha juu kwa pamoja. Mpigaji ni mmoja tu, na hapo kale alikuwa mtu wa fidla. Hucheza mbele ya vilabu, na pia huingia katika bustani za watu, wenye nyumba wakawapokea kama wageni. Mchekeshaji naye huzunguka akiwachapa watu kwa kibofu kilichotiwa pumzi na kufungwa kwenye fimbo.

Nikakumbuka goma la Lamu wakati wa Maulidi: safu za wanaume waliovaa kanzu, bakora mkononi, wakienda kwa utulivu. Ule utulivu ndio tofauti. Hawa wa Bampton huruka, na mtu mzima mwenye tumbo lake akiruka hivyo juani, hata mimi mwenye kiu nilimhurumia.

Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akitazama kando yangu: jina hili lina maana gani kwenu? Akanijibu, "Bwana, baba yangu alicheza, nami nilicheza. Jina sikuliuliza."

Niliporudi nilikolala nilifungua vitabu tena, safari hii bila ya kiherehere. Habari ya kale ijulikanayo ni ya mwaka 1448, wafua dhahabu wa London walipowalipa wachezaji wa ngoma hiyo shilingi 7. Wakati huo katika majumba ya wafalme wa Ulaya palikuwa na mtindo wa michezo iliyopewa jina la Waislamu hao, kwa kuwa kila kigeni kilionekana cha ajabu. Ushahidi kwamba Mwislamu yeyote aliwafundisha Waingereza kurusha vitambaa haupo. Jina ni letu, ngoma ni yao. Nilisikitika, sikufichi.

Tena jina hilo lina upande wake mchungu. Vikundi vingine vya morris, hasa vya upande wa mpaka wa Wales, vilikuwa na desturi ya kupaka nyuso rangi nyeusi. Wengine walisema ni kujificha wasitambulikane wakiomba fedha. Wengine wakasema ni kuwaigiza hao watu wa Maghribi. Mwaka 2020 vyama vya morris vilitangaza kuiacha rangi hiyo. Bampton sikuiona.

Nilichokiona ni ngoma iliyodumu. Sehemu nyingi za Uingereza ilikuwa inakufa wakati Cecil Sharp alipoiona Headington, karibu na Oxford, mwaka 1899, akaanza kuziandika nyimbo zake. Bampton waliendelea kurithishana, baba kwa mwana. Wamegawanyika vikundi, maana watu wa ngoma hawakosi kugombana. Waliosikia habari za mashindano ya beni wanalielewa hilo.

Jioni alinijia mbeba upanga. Kwenye upanga wake hutungikwa mkebe wa keki, na anayeonja kipande hutarajia bahati. Nikamwambia nimefunga. Hakunikasirikia, ila aliuliza, "Mpaka saa ngapi?" Nilipomtajia alipiga mluzi, kisha akanikatia kipande kikubwa. Nikamwuliza kama kina pombe; akaapa hakina. Nikakifunga katika kitambaa changu cheupe, na Magharibi ilipoingia nikakila baada ya tende.