Mtoto anayeumizwa na mkate

Sisi wamama tumezoea kumpa mtoto mgonjwa chai na kipande cha mkate, tukisema hicho ndicho chakula chepesi. Lakini wapo watoto wanaoumizwa na mkate huo huo. Ugonjwa wao unaitwa seliaki. Ngano na shayiri zina kitu kinachoitwa gluteni, ndicho kinachofanya donge la mkate livutike. Mwenye seliaki akikila, askari wa mwili wake wanashambulia utumbo wake mwenyewe. Mtoto anakula lakini hakomai: anaharisha, tumbo linavimba, damu inapunguka. Watu wazima wengine hawaharishi hata kidogo. Wanabaki na uchovu na upungufu wa damu usiosikia dawa.

Afrika inawajua Wasaharawi, wakimbizi wanaoishi kambini karibu na Tindouf, Algeria. Zamani walikula maziwa na nyama ya ngamia, na tende. Ngano ikaja kuwa chakula chao kikubwa. Mwaka 1999 waganga walitangaza matokeo ya watoto 989 waliopimwa kule: kati ya kila 100, zaidi ya 5 walikuwa na seliaki. Sehemu nyingi za dunia ni karibu 1 kwa 100. Fikiria mama anayepokea unga wa msaada ili mtoto aishi, kumbe unga ndio unaomdhoofisha.

Hakuna kidonge. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote. Munganga Willem Dicke wa Uholanzi aliona hayo wakati wa njaa ya vita, 1944 na 1945: mkate ulipokosekana, watoto wa seliaki walipata nafuu, na uliporudi wakaugua tena. Anayeacha kweli, mara nyingi kuharisha kunapunguka baada ya wiki chache, hamu ya kula inarudi, kilo zinapanda. Utumbo wenyewe unachukua miezi kupona, kwa watu wazima hata miaka.

Kwetu dawa hiyo iko sokoni: bugali wa mihogo au wa mahindi, mchele, maharagi, sombe, ndizi, viazi, samaki. Hatari ni mandazi, chapati, spageti na biskuti. Tena ni mafuta yaliyokaangia mandazi kisha yanakaangia ndizi za mtoto, au mashine iliyosaga ngano kabla ya mahindi yako. Kwenye pakiti tafuta maneno blé na orge. Na koko aambiwe wazi, maana yeye ndiye anayetoa biskuti kwa siri akisema “kidogo tu haina neno”. Kwa mtoto huyu, hicho kidogo kinatosha kuumiza.

Ila usimwondolee mtoto mkate kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta alama za mapambano ya ndani. Ukiacha ngano mapema, alama zinapotea na munganga haoni kitu. Tena kwetu kuharisha kunaletwa mara nyingi na maji machafu na minyoo, na kutokomaa kunaletwa na chakula haba. Anza kwenye kituo cha afya, na ueleze kila kitu mtoto anachokula, hata mandazi ya asubuhi.