Kibebeo, Mbano na Kifungashio: Istilahi za Kamera za Video za Kidijitali

Katika hati za zabuni, taarifa za ofisi na miongozo ya mafunzo inayoandikwa kwa Kiswahili, neno "fomati" limezoeleka kila panapotajwa kamera za video za kidijitali. Aghalabu huandikwa hivi: "kamera moja ya video, ya kitaalamu, fomati HD." Mtumishi anayeandika maneno hayo hudhani ameeleza anachokitaka. Kwa hakika hajaeleza. Muuzaji aweza kumletea kamera yoyote kati ya nyingi zisizosomana kanda wala kadi, na kila moja ikawa imetimiza sharti la zabuni. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno fomati linafunika dhana tatu mbalimbali, na kupendekeza jina kwa kila dhana.

Si jambo la wanalugha peke yao. Tuchukue mfano wa mji wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali katika bonde la Usangu. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2000, wakati kamera za kanda ndogo za DV zilipokuwa zimeenea katika vituo vya televisheni, ofisini na kwa wapiga picha wa harusi. Mikutano ya mwanzo, mifereji ya umwagiliaji na sherehe za watu wa miaka ile, kama zilipigwa video, yaelekea zimo katika kanda za namna hiyo. Kanda huchakaa, na mashine za kuzichezesha zimekuwa adimu. Anayekuta sanduku la kanda zilizoandikwa "video dijitali" tu, hajui atafute mashine ipi. Na asipoipata mapema, picha hizo hazitaonekana tena.

Dhana ya kwanza ni kitu kinachoshikika mkononi: kanda, diski au kadi. Hiki twapendekeza kiitwe kibebeo. DV ilipotoka mwaka 1995, kibebeo chake kilikuwa kanda yenye upana wa milimita 6.35. Sony wakaichukua kanda hiyo na kuandika juu yake kwa mkondo mpana zaidi, wakauita mwandiko huo DVCAM; Panasonic nao wakatoa DVCPRO. Mkondo wa DV una upana wa milimita 0.010, wa DVCAM 0.015, na wa DVCPRO 0.018. Picha yenyewe ni karibu ileile, megabiti 25 kwa sekunde katika zote tatu. Kilichoongezeka ni usalama wa mwandiko, nacho kimenunuliwa kwa urefu wa kanda. Ndiyo maana kaseti ndogo ya dakika 60 za DV huchukua dakika 40 tu za DVCAM. Kamera ya Sony PD150 ya mwaka 2000 iliweza kuandika kwa namna zote mbili kadiri mpiga picha alivyochagua, kwa hiyo hata jina la kamera halitoshi kumwambia mtu kilichomo ndani ya kaseti.

Baadaye ikaja HDV, iliyotangazwa mwaka 2003. Kaseti ni ileile, ukubwa ni uleule, na megabiti ni zilezile 25 kwa sekunde. Lakini mashine ya DV isiyojua HDV haiwezi kuisoma. Mfano huu peke yake watosha kuthibitisha kwamba kibebeo ni jambo moja na kilichobebwa ni jambo jingine.

Dhana ya pili ndiyo ngumu. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, yenye picha 25 kwa sekunde, ikiandikwa bila kupunguzwa kwa kiwango cha kawaida cha matangazo huhitaji zaidi ya megabiti 800 kila sekunde. Hakuna kadi ya bei nafuu inayohimili mzigo huo. Kwa hiyo kamera huibana picha kwa hesabu maalumu kabla ya kuiandika. Mafundi huziita hesabu hizo kodeki. Sisi twapendekeza mbano, kutokana na kubana. Wako watakaosema kwamba neno hili litachanganyika na mabano ya uandishi. La hasha, maana mbano la kwetu ni la ngeli ya U-ZI, na wingi wake ni mbano vilevile.

Mkulima wa Rujewa hana haja ya kufundishwa mbano kwa muda mrefu. Mpunga ukikobolewa, pumba zikatupwa, gunia huwa jepesi, na chakula kipo. Ila mchele huo haurudi kuwa mpunga wala haupandwi. Mbano nyingi za kamera hukoboa namna hiyo: huondoa kile ambacho jicho halitakikosa. Ukoboaji huo ukirudiwa mara tatu au nne, katika kamera, katika kuhariri, katika kunakili, ndipo nyuso huanza kuvunjika kuwa vipande. Kuna mbano nyingine zinazokunja tu, kama nguo isafiriyo sandukuni, na kitu hurudi kilivyokuwa. Mfasiri asizichanganye mbili hizi. "Kukoboa" na "kukunja" hapa tumeyatumia kufafanulia. Kama yafaa kuwa istilahi, watumiaji watasema.

Aidha, kuna mbano wa picha moja moja na mbano wa mfululizo. DV huibana kila picha peke yake. HDV hutunza picha moja kamili, kisha kwa picha zinazofuata huandika mabadiliko tu: shamba limetulia, korongo ameruka, basi huandikwa korongo. Kwa njia hiyo nukta nyingi zaidi huingia katika megabiti zilezile. Gharama yake ni kwamba HDV ya nchi zetu hufunga picha 12 pamoja, na dosari ndogo katika kanda yaweza kuondoa karibu nusu sekunde nzima, ambapo katika DV ingeharibu picha moja.

Dhana ya tatu ni kifungashio, yaani namna faili linavyozikusanya picha, sauti na maelezo yake. MP4, MOV na MXF ni vifungashio. Kifungashio ni gunia. Ukiona gunia hujaona mchele, kama wajuavyo wote waliowahi kuuziwa lumbesa. Mbano wa H.264 ulitumika katika AVCHD iliyoletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, ukatumika pia katika kamera ya Canon 5D Mark II ya mwaka 2008. Mbano ni mmoja, vifungashio mbalimbali, na programu inayofungua kimoja yaweza kukataa kingine. (Kamera hiyo ya Canon ilipendwa sana na wapiga picha wa harusi, ingawa haikuweza kupiga mfululizo zaidi ya dakika 12 hivi. Wazee wetu wakishika kipaza sauti hawana habari ya dakika 12.)

Majina ya biashara nayo yasichukuliwe kuwa istilahi. XDCAM ilianza mwaka 2003 ikiwa diski, ikaendelea hadi kadi, na ndani yake mna mbano zaidi ya mmoja. Kuandika "fomati ya XDCAM" ni sawa na kuagiza "gari la Toyota" bila kusema ni lori au teksi. HD hutaja wingi wa nukta, basi.

Kuhusu upokezi wa maneno haya, tunao mfano ulio karibu. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012 na Mbeya mwaka 2013, wananchi walilazimika kununua kifaa ambacho wengi hawakupata kukiona. Kikaitwa king'amuzi, kutokana na kung'amua, na leo hakuna dukani anayehitaji kuelezwa neno hilo. Lilisema kazi ya kifaa, nalo likafika pamoja na kifaa chenyewe.

Kwa hiyo anayenunua na aandike, mathalani: "Kibebeo: kadi ya SD. Mbano: H.264, usiopungua megabiti 24 kwa sekunde. Kifungashio: MP4." Kwa kiwango hicho kadi ya gigabaiti 64 huchukua karibu saa sita, kwa mbano wa megabiti 50 unaotumiwa na vituo vingi, karibu saa tatu. Na anayehifadhi kanda za zamani aandike juu ya kila kasha: "Kibebeo: kaseti ndogo, mwandiko wa DVCAM. Mbano: DV." Kifungashio akiache wazi, kwa kuwa kanda haina. Atakijaza siku atakapoihamishia kanda hiyo katika kompyuta, na siku hiyo achague kifungashio kitakachoupokea mbano wa DV kama ulivyo, bila kuubana tena.