Istilahi za Tiba ya Kusita kwa Pumzi Usingizini

Mtafsiri wa maelezo ya tiba hupimwa kwa jambo moja: je, mgonjwa aliyeyasoma alitenda ipasavyo? Makala haya yanakusudia kutumia kipimo hicho katika ugonjwa ambao madaktari huuita apnea ya usingizi, tukichukua mfano wa wafanyakazi wa migodi ya Shinyanga na Geita.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye ugonjwa huu hulegea hata njia ya hewa ikajifunga, naye akakaa bila kuvuta pumzi kwa sekunde 10 au zaidi. Ubongo humshtua, akavuta pumzi kwa kishindo, kisha akalala tena pasipo kukumbuka lolote. Hali hiyo ikitukia chini ya mara 15 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mwepesi. Ikifika mara 30, huwa mkali. Mgonjwa huamka amechoka, na mchana husinzia. Kwa dereva wa lori la kubebea mawe katika mgodi wa Geita, ambao uchimbaji wake wa sasa ulianza mwaka 2000, au kwa mchimbaji wa chini ya ardhi huko Bulyanhulu, wilayani Kahama, usingizi huo ni hatari kwake na kwa wenzake.

Jina la ugonjwa ndilo lenye utata wa kwanza. Wako wasemao "kukatika pumzi", lakini neno hili limekaribia mno "kukata roho", nalo humtisha msikilizaji. Wengine husema mtu amekabwa na jinamizi. Lakini jinamizi halitafutiwi tiba hospitalini. Sisi tunapendekeza "kusita kwa pumzi usingizini", kwa sababu kinachosita huendelea tena, na hivyo ndivyo pumzi hii ifanyavyo.

Tunakuja kwenye chombo cha tiba. Mwaka 1981, Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza namna ya kuizuia njia ya hewa isijifunge kwa kusukuma hewa puani mfululizo. Mashine ndogo huvuta hewa ileile ya chumbani, huichuja, kisha huisukuma kupitia mpira mpaka kwenye barakoa aliyoivaa mgonjwa. Haitoi oksijeni, wala haimpumulii mtu. Kwa hiyo kuiita "mashine ya kupumulia" ni kosa lenye madhara. Jina hilo watu wamelizoea kwa mahututi, hasa tangu janga la korona la mwaka 2020. Mke akisoma kwamba mumewe amepewa mashine ya kupumulia, ataamini kwamba mumewe yu mahututi. Na mume mwenyewe, kwa kuona haya, ataificha mashine chini ya kitanda.

Mtu wa Geita au Kahama angeweza kupendekeza neno "mvukuto", maana eneo hilo lilikuwa na Warongo, wahunzi mashuhuri waliokuwa wakiyeyusha chuma kwa mivukuto. Pendekezo hilo lina asili njema. Hata hivyo, mvukuto hupuliza kwa vipindi na kazi yake ni kuchochea moto, ilhali mashine hii husukuma pasipo kukoma. Tunaona afadhali "mashine ya msukumo wa hewa", na kwa ufupi "kisukumahewa", kwa kufuata mfano wa kipimajoto.

Neno "msukumo" linatuokoa pia na neno "presha". Nguvu ya mashine hii hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida baina ya 4 na 20. Mtafsiri akiandika kwamba "presha itapanda polepole", mgonjwa ataelewa shinikizo la damu, naye ataizima mashine upesi. Aandikiwe hivi: "Msukumo wa hewa utaongezeka kidogo kidogo mpaka upate usingizi."

Kuhusu barakoa, hapana budi kumkumbuka msomaji wa migodini. Yeye ameizoea barakoa ya vumbi, ambayo huzuia kitu kibaya kisiingie na hutakiwa isiwe na upenyo hata mmoja. Barakoa ya kisukumahewa ina matundu madogo yaliyotobolewa makusudi ili hewa anayoitoa mgonjwa ipate kutoka. Asipoelezwa, huenda akayaziba kwa utepe akidhani kwamba hewa inavuja. Kwa hiyo tutofautishe "matundu ya kutolea pumzi", ambayo hayazibwi kamwe, na "mvujo", yaani hewa itokayo pembeni kwa kuwa barakoa haikukaa sawasawa.

Barakoa zenyewe ni za namna tatu: barakoa ya pua, barakoa ya pua na mdomo, na vifaa vidogo laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Hivi vya mwisho katika lugha za kigeni huitwa "mito". Tukitafsiri hivyo, mgonjwa atatafuta mto wa kulalia. "Vizibo" navyo havifai, kwani nani atakubali kuzibwa pua? Tunapendekeza "vipachiko vya pua". Anayelala mdomo wazi mara nyingi hufaa kupewa barakoa ya pua na mdomo. Anayeona dhiki kufunikwa uso, vipachiko. Barakoa ijaribiwe mtu akiwa amelala na mashine ikiwa imewashwa, maana uso hubadilika mtu alalapo. Mikanda isikazwe hata ikaacha alama. Koo likikauka, kiongezwe "chombo cha unyevu". Wakati wa kiangazi chenye vumbi, kichujio kikaguliwe mara kwa mara. Na katika siku za mwanzo mgonjwa aivae kwa muda akiwa macho, akisikiliza redio, ili aizoee.

Tumeliweka mwisho kosa jepesi kulitenda kuliko yote. Maelezo mengi husema: "Vaa kila usiku." Mfanyakazi wa zamu ya usiku hulala mchana. Akiyatii maneno hayo kama yalivyo, atalala mchana bila mashine, na usiku ataendesha lori akisinzia. Lugha yetu ina umbo linalomaliza shida hiyo kwa neno moja: "Vaa kila ulalapo."

Tunawaomba walimu, watafsiri na watumishi wa afya, hasa walioko Shinyanga, Kahama na Geita, wayajaribu mapendekezo haya mbele ya wagonjwa wenyewe na kutuletea maoni yao. Istilahi itakayomfanya mtu aivue barakoa usiku wa pili haifai, hata ikiwa imeundwa kwa kufuata kanuni zote.